Nilisogea Kidogo Tu

Watu wa mtaa wetu hapa Tabata wanasema mimi ndiye niliyemfungia Baba Benson. Wanasema nikiwa sipo, na wengine wanasema nikiwepo, wakijifanya wanaongea na mchele wangu huku wakiuchezea kwa mkono. Basi nimeamua kueleza mwenyewe. Lisemwalo lipo, na hili lipo kweli, ila hawalielezi lote.

Jina langu Bupe, lakini humu najulikana kama Mama Hope. Kwetu Kyela, nauza mchele wa kwetu, na nina nyumba inayopakana na ya Baba Benson. Yeye jina lake ni Leodegar, Mhaya wa Muleba, karani mstaafu wa bandarini. Miaka ishirini na nane alisimama gatini na kalamu, akiandika namba za magari ya watu yanayoshuka melini. Magari yakaenda kwa wenyewe, yeye jioni akarudi Tabata na kumalizia safari kwa miguu. Mtu wa namna hiyo akistaafu utamshauri afuge kuku?

Alinunua gari la michezo. La Kijapani, jekundu, milango miwili, fupi kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima ukae kwanza ndipo uvute miguu, kama unaingia kwenye karai la kuogea. Aliyemuuzia, bwana mmoja wa Mikocheni, alikuwa ameshaiua injini yake kwa mashindano ya usiku. Lililetwa likivutwa kwa kamba, likapita uchochoro wa ubavuni mwa nyumba yangu, likaingia uani kwa mzee bila hata saitimira, vile vioo vya pembeni, kukunjwa. Nakumbuka vizuri maana nilisimama mlangoni nikicheka.

Uani lilikaa miaka mitano. Mkewe, Mama Benson, alilitazama mwezi mmoja, kisha akarudi Muleba kwenye migomba yake. Kila Krismasi huja na ndizi na kuuliza kama mke mwenzie bado mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa spea. Gari lile halikuwa na ndugu hapa mjini. Baba Benson alizunguka Ilala na Gerezani, duka hadi duka, akiwa na kipuri kibovu ndani ya mfuko wa rambo. Wenye maduka wakisikia jina la gari wanamuuliza kama ni gari au ndege, halafu wanainama chini ya kaunta na kuibuka na kitu kingine kabisa. "Chukua hii, mzee, inaingiliana." Hilo ndilo neno lao. Inaingiliana maana yake si ya gari lako, lakini ukiikwangua huku na kuipiga huku, itakaa. Pampu ya mafuta aliyofunga ilikuwa ya kigari cha mizigo. Feni ya rejeta ilitoka kwenye teksi iliyoungua. Bushi alikwenda kuchongesha kwa fundi wa mashine Tandale. Wakamchongea kubwa, akairudisha, wakamchongea ndogo, akaenda mara ya tatu na kusimama palepale mpaka ikatoka sawa.

Gereji alizikataa. Alisema ukimwachia fundi gari zuri atatoa kizima aweke kibovu, na wewe utarudi nyumbani ukishukuru. Kwa hiyo alifanya kila kitu mwenyewe, amelala chini ya gari juu ya gunia langu tupu, na gasketi alizikata kwa mkasi wa Mama Benson wa kushonea. Alikuwa na daftari, mwandiko wa kikarani, mistari imenyooka. Siku moja nililisoma nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Ameandika: "Mota ya wipa. Wamesema inaingiliana. Haiingiliani."

Sasa nije kwenye macho. Baba Benson ana presha ya macho. Hospitali walimweleza kwamba ugonjwa ule hauanzii katikati, unaanzia pembeni, unakula taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Matone anayotia ni ya kuuchelewesha tu. Hakuwahi kuficha jambo hilo wala kulilia. Alikuwa akisema kwa kila mtu, "Naomba Kibaha tu. Niende na kurudi, usukani nimeshika mie mwenyewe. Baada ya hapo hata mkifugia kuku humo ndani, sawa."

Hiyo ndiyo haja yake yote hapa duniani, na mtaa mzima tuliijua.

Mwaka juzi nilitaka stoo ya mchele. Kwa kawaida yetu mtu hajengi mpakani bila kumwambia jirani, na unakwenda na mjumbe ili neno lako liwe na shahidi. Nikamchukua Mzee Mbwana, mjumbe wetu, tukapiga hodi uani kwa Baba Benson. Alikuwa chini ya gari. Tuliona miguu miwili na ndala moja. Nikamwamkia yule mwenye miguu, nikamweleza kuwa nataka kujenga stoo ubavuni mwa nyumba yangu, na ukuta utasogea kidogo uchochoroni.

"Jenga tu, Mama Hope," sauti ikatoka chini ya gari. "Sie si majirani?"

Mzee Mbwana akasema neno limepita, tukaondoka.

Niwaulize nyie mnaonilaumu. Nani kati yenu angeuliza ni kidogo kiasi gani? Ukimuuliza jirani swali hilo mbele ya mjumbe, umeshamwita mwizi. Jirani akija kuomba chumvi kidogo, unatoka na mizani? Mimi nilisema kidogo kwa adabu, yeye akakubali kidogo kwa adabu, halafu akaja fundi wangu wa ujenzi na kamba yake akasogea hatua nzima, maana magunia hayajui adabu. Nilimwona fundi akipiga ile hatua. Nikanyamaza.

Baba Benson hakugundua. Alipita pale kila siku na mfuko wake wa rambo, na mtu wa miguu uchochoro humtosha siku zote. Tena macho yake yalikuwa yameshazoea kutazama mbele tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumamosi, injini iliwaka. Si kukohoa kama siku nyingine, iliwaka ikaunguruma mpaka mabati yangu yakaitikia. Mtaa mzima ukatoka. Mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe. Akaingia, akarudi nyuma polepole kuelekea uchochoroni, watu wanapiga makofi, na mara tukasikia bati likisaga tofali. Akasimama. Akashuka kwa kujipenyeza, akaleta futi, akapima gari, akapima uchochoro. Upande mmoja ni ukuta wangu, upande wa pili ni nyumba ya jirani mwingine, imejengwa na babu yake. Zilipungua sentimita saba.

Kuna aliyecheka nyuma, wengine wakafuata. Mimi nina mdomo, na mdomo wangu hutangulia mbele ya akili. Kabla mzee hajasema lolote nilikuwa nimeshapaza sauti: mie niliuliza, Mzee Mbwana yupo hapa, aulizwe.

Baba Benson akaukunja ule utepe wa futi taratibu. "Uliuliza, Mama Hope," akasema. "Nami nikakubali."

Akaingia kwenye gari, akalirudisha mahali pake.

Mawazo yakatolewa mengi, kama kawaida ya watu wasio na gari. Saitimira zikang'olewa, haikusaidia, unene ulikuwa kwenye makalio ya gari lenyewe. Mmoja akasema wapatikane wanaume ishirini walilaze ubavu. Baba Benson akajibu kwamba likilazwa ubavu, miaka mitano yake yote itamwagika. Wengine walimwambia aende ofisi ya serikali ya mtaa akanishtaki, na nasema kweli, angekwenda ningebomoa siku ileile. Mimi ukinitukana nakuelewa. Mtu anayekataa kugombana nami hunichanganya, sijui nimshike wapi.

Jumatatu yake akaja dukani kwangu, akakaa juu ya gunia, akazungumza chinichini. Alisema daktari ameyapa macho yake mpaka mwisho wa mwaka, labda. Alisema haombi stoo yote, anaomba upana wa kiganja. Lakini ukuta wa tofali huuchongi kama bushi ya Tandale. Ukiugusa umeubomoa, na stoo inabaki wazi, na ndani mlikuwa na magunia arobaini na mvua za masika mlangoni. Nikamwambia, "Mzigo huu ukiisha tu, Baba Benson. Wiki mbili." Akanishukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Na nilimaanisha, Mungu anajua. Ila muuza mchele mzigo wake hauishi. Yakibaki magunia kumi unaagiza, maana yakifika matano wateja wameshahamia kwa mwingine. Wiki mbili zikaisha, kukawa na mvua. Mvua ikaisha, Kyela wakavuna, lori likaja na mchele mpya unaonukia mpaka barabarani. Nani anabomoa stoo wakati wa mavuno? Nikikutana naye nilikuwa natangulia kusema kabla hajauliza: mwezi ujao. Naye hakuuliza hata mara moja.

Alichofanya ni kuwasha gari. Kila siku saa nne asubuhi, ili betri isife. Anaingia, anawasha, anasogea mbele mita mbili mpaka kwenye ngazi za jikoni, anarudi nyuma mita mbili mpaka kwenye pipa la maji. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, dakika kumi. Mimi niko stoo napima mchele, na muungurumo unapita ukutani unaingia kwenye miguu yangu. Nilimwona mnyama wa namna hiyo utotoni, nguruwe wa misheni, alikuwa amechimba njia kwenye zizi kwa kwenda na kurudi. Mwezi wa sita nilikuwa nakunywa chai yangu saa nne barazani upande wa pili, nisikie kidogo.

Na bado alikuwa anatengeneza. Gari zima, yeye anatengeneza. Aling'oa viti akavishona upya. Alifungua kitasa cha mlango wa abiria, kilikuwa kinakwama, akakitengeneza kwa springi ya kalamu. Mwezi wa nane aliniomba nimsindikize Ilala kutafuta mpira wa kioo. Nilikubali haraka, nikajiona nimelipa dhambi.

Dukani walimpa mpira wa gari jingine. Inaingiliana, wakasema, na yeye akaupitisha vidoleni toka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa kwingine, akasema hii haiingiliani, mdomo wake ni mnene kwa milimita mbili. Muuzaji akapima, ikawa kweli. Nilijivuna kama ni mume wangu. Tulipotoka, mkokoteni wa mbao ukaja kutoka kushoto, mwenye mkokoteni anapiga kelele "kando, kando", na Baba Benson akaelekea kulekule. Ulimpiga kwenye muundi. Alipoinuka aliomba radhi kwa upande ambao hapakuwa na mtu.

Nilijua nimeona nini. Siwezi kusema sikujua. Lakini stoo ilikuwa na magunia hamsini na mbili, nikajiambia mwezi wa tisa.

Mwezi wa kumi, siku moja saa nne na dakika chache, nikasikia mlio wa plastiki kupasuka, halafu maji mengi. Nilitoka mbio. Alikuwa amegonga pipa lake la maji, lile lililokaa palepale miaka mitano, analolifikia kila siku na kusimama. Uani pote palikuwa tope, naye amechuchumaa anapapasa bampa ya nyuma kutafuta ufa.

"Nilidhani bado," akasema.

Sikumwambia pole. Nilirudi nyumbani, nikawaita wapangaji wangu wote, tukahamisha magunia. Yakajaa sebuleni, yakajaa chumbani kwangu mpaka nikawa nalala ukingoni. Binti yangu Hope aliniuliza kama nimepata kichaa, nikamwambia ashike upande wa pili. Jumamosi asubuhi nikachukua nyundo mwenyewe. Fundi alitaka kuanza, nikamwambia atanisubiri. Tofali la kwanza lilinitoa jasho na la pili likanitoa machozi, na sikulilia stoo.

Saa tano njia ilikuwa wazi. Baba Benson akatoka na lile shati jeupe. Akapima kwa futi, ingawa hapakuwa na haja, akanitazama kwa ile njia yake mpya ya kukutafuta kwanza kabla ya kukuona.

"Twende wote Kibaha," akasema. "Wewe ndiye uliyefungua."

Nilikuwa na vumbi la saruji kichwani. Nikafunga khanga juu yake, nikatangulia kumwongoza kwa miguu: njoo, njoo, njoo. Gari likapita. Kila upande palibaki nafasi ya viganja viwili. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wameziba midomo kama wanapitishiwa sinia la mayai. Lilipofika kwenye njia pana nikaingia, nikakaa kwanza ndipo nikavuta miguu, tukaondoka.

Mungu wangu, lilikuwa gari. Lilikuwa limelala chini kiasi kwamba barabara inakupita kwenye makalio, na alibadilisha gia bila kuitazama, na uso wake sijawahi kuuona vile. Tulikwenda labda mita mia mbili mpaka mahali njia yetu inapokutana na lami. Pale akasimama, kama inavyopasa.

Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akarudi kulia. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaitazama barabara kipande kwa kipande, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na akimaliza kipande cha pili, cha kwanza kimeshabadilika. Bodaboda zilikuwa zinapita. Nyuma yetu honi zikaanza.

"Mama Hope, huko kwako kukoje?"

Nikamwambia kweupe.

"Na huku kwangu?"

Nikainama kutazama upande wake. Kioo kilikuwa wazi, na hapo dirishani alisimama Mzee Mbwana. Alikuwa ametangulia kwa miguu ili atuzuilie bodaboda, sasa amekuja kumpongeza, amenyoosha mkono mpaka unakaribia kugusa shati jeupe. Anatabasamu. Mkono ulikuwa hapo, na Baba Benson alikuwa anatazama mbele, akisubiri nimjibu.

Sikuweza kujibu. Mzee Mbwana akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaurudisha mkono wake taratibu, akauweka nyuma ya mgongo.

Ule ukimya wangu ndio uliomwambia. Akavuta breki ya mkono, akazima injini. Honi za nyuma zilizidi, yeye akabaki ameshika usukani mahali palepale anapopaswa kuushika.

"Mwezi wa tatu," akasema, "nilikuwa naiona mikono yangu yote miwili kwa pamoja."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anavyoandika kwenye daftari lake, kitu kilichokuwepo na sasa hakipo. Niliona aibu mwili mzima. Nilitaka kushuka, nirudi kwa miguu kwenye magunia yangu, nijifungie. Nikapapasa mlango, nikapapasa chini ya kioo, pembeni ya kiti, nikavuta kitu kisichovutika. Sikukiona kitasa.

Baba Benson akiwa bado anatazama mbele, alinyoosha mkono ukapita mbele yangu, akakifungua bila kukitafuta.